Pingili za Nadra

Bi Ulfat alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika nguo, akaniambia, "Mwanakheir, njoo. Na uje na miguu yako."

Mtu mwengine angecheka, kwani nani hutoka akaiacha miguu yake nyumbani. Mie nilimfahamu. Nimezaliwa Uroa, na nilizaliwa nikatanguliza miguu. Kwetu mtoto akija hivyo, akasalimika yeye na mama yake, miguu ile haiwi yake tena, inakuwa ya watu. Mwenye kuumwa kiuno hulazwa kifudifudi juu ya kizingiti cha mlango, kichwa ndani, miguu nje, na aliyezaliwa kwa miguu humpandia mgongoni akamkanyaga kwa kisigino cha kushoto, taratibu, huku akinuia. Nilianzishwa kazi hiyo meno ya utoto hayajang'oka. Nilipoolewa Jang'ombe watu walinifuata huko huko. Hatutozi kitu. Mtu huja na sukari au sabuni, na akipona huja na halua. Bi Ulfat mwenyewe nilimkanyaga mwaka ule mjukuu wangu Nadra alipoolewa na mwanawe Suhaib. Alikuja amepinda kama ndoana, akaondoka wima, na tangu hapo kila harusi alikuwa akiwaonesha watu miguu yangu kama inauzwa.

"Nani anaumwa?" nikamuuliza.

"Nadra. Kateleza kidogo kwenye ngazi."

Kidogo. Nikaziacha nguo kwenye beseni, nikavaa buibui langu.

Nadra ni mtoto wa binti yangu marehemu, nimemlea mwenyewe mpaka nikamtia mkononi mwa mume. Kwao Suhaib ni Mkunazini, nyumba ya zamani, wanakaa ghorofa ya juu kabisa, na maji hayafiki. Pampu imekufa tangu kabla ya mfungo. Maji yanatekwa uani na kupandishwa kwa ndoo, na anayepandisha ni Nadra, ya kupikia, ya kufulia, ya kutawadhia mpaka wageni. Nilimwambia Suhaib zaidi ya mara moja, mwanangu, itengeneze pampu. Akaitikia kwa kichwa. Suhaib huitikia kila kitu kwa kichwa.

Nilizipanda ngazi zile kwa kushika ukuta, maana mgongo wangu nao una habari yake. Mwaka jana ulinishinda, nikapelekwa hospitali nikapigwa picha. Daktari Maryam, binti mdogo lakini ana subira, alikuwa na uti wa mgongo wa plastiki ameuning'iniza kwenye chuma kama mkungu wa ndizi. Shule mie nimeishia darasa la tatu. Nikamwambia, mwanangu, nieleze nifahamu.

Akanieleza. Mgongo si fimbo, akasema, ni pingili juu ya pingili, kama muwa. Saba za shingo. Kumi na mbili za kifua, ndizo zinazoshika mbavu. Tano za kiuno, hizo nene kuliko zote kwa sababu ndizo zenye kubeba. Chini yake zimegandana mpaka kifandugu. Kila pingili mbele ina mwili, duara kama kigoma, na nyuma ina tao, na juu ya tao umetoka mwiba, ndio ule unaougusa ukimsugua mtu mgongo. Baina ya kigoma na kigoma umewekwa mto laini zisisagane. Na baina ya kigoma na tao pana tundu, na matundu hayo yamepangana yote yakawa njia moja, na humo ndimo unamopita ugwe, kamba ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Miguu inatembea kwa ugwe huo.

"Mfupa ukivunjika, bibi, unaunga," aliniambia. "Ugwe hauungi."

Pingili mbili za juu nilizipenda kuliko zote. Ya kwanza ni kama pete, kichwa kimekaa juu yake, na hapo ndipo kinapoinamia kusema ndiyo. Ya pili ina jino limesimama, na juu ya jino hilo kichwa kinageuka kulia na kushoto kusema hapana.

Ya kwangu iliyonitesa ilikuwa ya kiunoni, imebonyea kwa uzee kama mkate uliokaliwa. Kila nikienda daktari ananiuliza: miguu ina ganzi? Mkojo unatoka? Siku ya mwanzo nikaona amenivunjia heshima. Akacheka, akasema mgongo ukiumia kisha mkojo ukakataa, hapo hapana kungoja, ugwe umebanwa. Nikamuuliza na habari ya kukanyaga. Akanishika mkono, akasema, "Bibi, huoni ndani. Hujui unakanyaga mfupa mzima au uliovunjika." Tangu siku ile nikaipumzisha miguu yangu. Bi Ulfat nilimweleza. Aliona naringa.

Basi nikafika juu. Nadra alikuwa amelazwa chumbani kwake juu ya godoro chini, kifudifudi, miguu imeelekezwa mlangoni. Nikajua kwa nini imeelekezwa mlangoni. Walikuwa wameshamtayarisha.

"Shikamoo bibi," akasema, uso kwenye mto.

"Marahaba mjukuu wangu. Umeanguka lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana? Na ukaangukaje?"

"Ndoo ilinivuta nyuma. Nlikaa, bibi. Nlikaa juu ya ngazi kwa kifandugu, kwa uzito wangu na wa maji, nkasikia kitu kimefanya ta."

"Nani kakuinua?"

"Suhaib na Ayoub. Mmoja makwapani, mmoja miguuni."

Ayoub ni ndugu yake Suhaib, ana keri, kigari cha kubebea mizigo. Nikaona mbele ya macho yangu mtoto wangu anavyoning'inia katikati yao kama gunia la mbatata, na pingili iliyovunjika inavyofunuka na kufumba kila ngazi moja. Ndoo nilikuwa nimeipita chini nikipanda, basi alianguka karibu na mlango wa nje. Hatua chache angekuwa njiani. Wao wakampandisha juu.

Nikapiga magoti kwa tabu, nikapapasa miiba ya mgongo wake kwa kidole kimoja, bila kubonyeza. Ilishuka sawa sawa mpaka pale kifua kinapokutana na kiuno, hapo mmoja umetokeza na nyama pembeni imevimba. Nikashika vidole vya mguu wa kulia, akavichezesha. Nikashika vya kushoto.

"Chezesha."

"Nnachezesha, bibi."

Havikwenda. Havikwenda hata kidogo, na yeye hajui.

"Mkojo?"

"Tangu jana usiku hautoki. Na nkijigusa... huko chini kama si kwangu."

Watu wanaonijua husema mie ni mvumilivu. Nimezika mume na mtoto sikupiga ukelele. Lakini pale niliona bora niinuke taratibu, la sivyo ningeinuka na kitu mkononi.

Bi Ulfat alikuwa jikoni anakata nguru. Suhaib amesimama kando yake, simu mkononi.

"Umemuona?" Bi Ulfat akaniuliza. "Mkanyage tu mara moja, mchana awe kashainuka. Ijumaa tuna harusi kule Maisara, na wageni wa Pemba wanaingia kesho."

"Simkanyagi. Anakwenda hospitali sasa hivi."

"Hospitali ya nini? Kiuno hicho. Mie mbona uliniponya?"

"Wewe ulikuwa na kiuno. Huyu kavunjika."

"Umeona wapi? Una macho ya picha wewe?"

Na hapo ndipo alipotoa la moyoni. Alipunguza sauti. "Mwanakheir, tufahamiane. Mtoto wa mtu akitolewa humu amebebwa, mtaa utasema nini? Watasema tumempiga. Suhaib hajawahi kumnyanyulia mkono, unajua. Jina la nyumba likishatoka halirudi."

"Kwa hiyo afe miguu, jina lipone."

"Nani kasema afe? Nasema akanyagwe. Miguu yako ni baraka ya Mungu, nawe unawanyima watu kwa sababu umeona mifupa ya plastiki."

Nilikiangalia kipande cha nguru mkononi mwake. Nikamnyang'anya. Kilikuwa kipande cha kati, kimekatwa mviringo, pingili iko wazi katikati.

"Tizama hapa. Na wewe Suhaib, njoo utizame. Hiki kigoma. Hili tao juu yake. Umeona tundu? Umeona uzi mweupe ndani?" Nikauvuta kwa ukucha, ukatoka laini kama utambi. "Huu ndio unaomtembeza mkeo. Kigoma chake kimepasuka, na kipande kimeusogelea uzi huu. Mie nina kilo zangu. Nkimpanda pale, kipande kinaingia." Nikaubonyeza uzi kwa kidole gumba, ukasagika ukawa si kitu. "Umeona? Basi."

Suhaib akatia simu mfukoni.

"Nadra si samaki," Bi Ulfat akasema.

"Kweli. Samaki mumemshika kwa adabu zaidi."

"Bibi," Suhaib akaingilia, sauti ya kuombea amani, "si lazima kwa nguvu. Mkanyage kidogo tu, kwa nia. Mama ataridhika."

Nikamgeukia. "We Suhaib, Mungu kakupa pingili saba za shingo kama watu wote, lakini unatumia moja tu, ya juu. Mama anasema hivi, ndiyo. Mke anasema pampu, ndiyo. Bibi anasema pampu, ndiyo. Ile ya pili, yenye jino, kaiweke rehani maana naona hujaiharibu hata kidogo, ipo mpya."

"Usimtukane mwanangu jikoni kwangu," akasema Bi Ulfat. Akaosha mikono, akajifuta kwa kanga, akasimama wima. "Na kama hutaki, hutaki. Hukuzaliwa peke yako kwa miguu. Yuko Mzee Abdulla wa Kizimkazi. Ayoub kashakwenda kumchukua kwa keri tangu asubuhi. Nlijua utanifanyia kiburi."

Nikamtazama Suhaib. Kweli? Akaitikia kwa kichwa.

Nilikwenda dirishani, nikafungua luva. Chini kwenye kichochoro ana karakana yake Jecha, fundi seremala, Mtumbatu, mtu wa maneno machache. Mbele yake ndipo penye baraza ya kahawa.

"Jecha!"

"Naam, Bi Mwanakheir."

"Panda juu na nyundo na tindo. Na mtu mwengine mwenye nguvu."

Alikuja na Mabrouk, mpaka rangi, bado ana chokaa kwenye nyusi. Nikawaonesha mlango wa chumba cha Nadra. "Uvue kwenye bawaba."

"Huu?" akasema Jecha. "Mzima huu. Una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Ndiyo maana nnautaka."

Bi Ulfat alitoka jikoni. "Mlango wangu huo wa mvule, wa babu yake Suhaib. Jecha, usiuguse."

Jecha alimtazama yeye, akanitazama mie, kisha akachungulia ndani akamuona Nadra. Akaanza kugonga misumari ya bawaba. Nilikuwa nikifikiri: pasipo mlango, hakuna wa kunifungia nje. Kizingiti nacho nikakikalia. Aje huyo wa Kizimkazi, atanikanyaga mie kwanza.

Mlango ulipotoka tukaulaza ubavuni mwa Nadra. Nikawafundisha kama nilivyomuona daktari anavyogeuza wagonjwa wodini: ageuzwe kama gogo, kichwa, mabega, nyonga na miguu kwa pamoja, asipindwe popote. Alipokuwa chali tukamvuta na shuka lake mpaka juu ya mbao. Hakulia. Aliuma ncha ya kanga. Nikakunja mataulo nikayaweka huku na huku ya kichwa, nikamfunga na mlango kwa kanga zake mwenyewe, za harusi, kifuani na nyongani na magotini.

"Ngazi zenu kali," Jecha akasema. "Mie na Mabrouk tutakaa chini tupokee uzito. Kichwani anatakiwa mtu. Bila ya mtu wa kichwani hatushuki."

Wote tukamtazama Suhaib.

"Suhaib," mama yake akasema, "mwanangu, Mzee Abdulla yuko njiani. Ngoja akija. Usinitie aibu mbele ya baraza nzima. Nakwambia ngoja."

Suhaib alisimama. Nilimuona Nadra anamtazama kutoka chini, macho tu, kichwa hakiwezi kugeuka kwa mataulo. Mie nilishasema yangu.

Suhaib akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Kisha akainama akashika mlango.

Walishuka hatua kwa hatua, miguu ya Nadra mbele, Jecha akihesabu kwa pumzi, jasho linatona juu ya mbao. Ngazi aliyoangukia niliiona, ukingo wake umelika umekuwa kama kijiko, na ndoo bado imelala pembeni. Nikaipiga teke. Mgongo wangu ulinijibu papo hapo, lakini sikujuta.

Tulipofika mlango wa nje nikamfunika kanga kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilimfunika kwa stara, mwanamke hapitishwi mbele ya baraza amelala uso wazi. Nilisahau kitu kimoja. Mtu aliyelala juu ya mbao, amefunikwa kanga, anatolewa nyumbani na wanaume watatu kimya kimya: kwetu hilo lina maana moja.

Baraza nzima ikasimama. Vikombe vikawekwa chini. Mzee mmoja akavua miwani. Kabla sijafumbua mdomo, mabega yalishaingia chini ya mlango, mengine mbele, mengine nyuma, wanapokezana kama wanavyopokezana jeneza, wengine hata hawajajua ni nani. "Lailaha illallah," wakaanza, na wakaongeza mwendo, maana maiti hukimbizwa.

"Polepole," nikasema. "Polepole nyinyi, mnamtikisa."

"Haitikisiki tena, bibi, ishapumzika," mmoja akanijibu kwa huruma.

Chini ya kanga Nadra akasema, "Mie mzima, jamani."

Mlango ulitaka kuanguka. Jecha aliushika kwa kifua. Mtu mmoja alikimbia kweli kweli, mpaka leo anataniwa. Waliobaki wakaganda, mabega yamebeba, midomo wazi.

"Nani huyu?" akauliza yule mzee.

Juu dirishani Bi Ulfat ametoa kichwa. Nilimuona. Na nilijua neno moja langu lingeweza kumfichia: homa, au mimba, au tumbo. Nikainua sauti ili wa dirishani naye asikie.

"Nadra wa Suhaib. Hakupigwa na mtu. Kaanguka jana asubuhi akipandisha maji, kavunjika mgongo, na kuanzia jana mpaka sasa amefichwa ndani ili nyie msiseme. Basi semeni. Lakini muwe mnatembea."

Wakatembea. Safari hii kama wamebeba mayai. Kila penye kona mmoja alitangulia kuondosha vespa na mikokoteni, na maduka yakasimama kutupisha, na hakuna aliyeuweka chini mpaka barabarani.

Pale barabarani ndipo keri ya Ayoub ilipofika kutoka Kizimkazi. Mzee Abdulla ameketi mbele, kanzu safi, kofia imechongoka.

"Shuka, babu," nikamwambia. "Tunaihitaji gari."

Akautazama mlango, na kanga, na watu. "Mie nimeitiwa kiuno," akasema, "sikuitiwa jeneza." Akashuka mbio kuliko umri wake, na nikamuona anakwenda kununua juisi ya muwa.

Picha ilionesha nilichokigusa. Pingili ya kwanza ya kiuno imepasuka mwili wake, na kipande kimerudi nyuma kwenye tundu kikaukalia ugwe. Alipasuliwa siku ile ile, akatiwa vyuma. Daktari Maryam alinionesha picha ya pili, skrubu mbili juu na mbili chini. "Asingetikiswa jana," akasema, akaanza kuirudisha picha kwenye bahasha. Nikamwambia, "Sema, mwanangu." Akasema, "Mguu wa kushoto sijui. Tutaona."

Haya yote yamepita. Nadra yuko kwangu Jang'ombe. Mkojo umerudi, mguu wa kulia mzima, wa kushoto anauburura na dole gumba linacheza siku nyengine, siku nyengine halichezi. Daktari alitaka alale pagumu, godoro langu limebonyea, basi nimemtandikia juu ya mlango.

Juzi Suhaib alikuja, kama anavyokuja kila jioni. Alikaa pembeni ya Nadra, wakacheka kwa jambo lao. Alipotaka kuondoka akasimama mbele yangu, anavunja vidole.

"Bibi, mama kasema... chumba hakina mlango. Anauliza utarudi lini."

"Mlango au mkeo?"

"Mlango."

"Mkeo kaulalia."

Nikamuuliza, "Pampu?"

"Fundi kaja leo, bibi. Nimemleta mwenyewe."

"Na yeye mama yako, hajamuomba radhi mjukuu wangu. Kaomba mlango."

Hakuitikia na hakukataa. Nikamuonesha ndoo karibu na bomba la uani, na pipa langu tupu jikoni. Akakunja mikono ya shati akaanza kuteka. Alipokwenda safari ya tatu mabega yameshaanza kumuinama, anabadilisha mkono huu na huu, na Nadra juu ya mlango wake anamtazama anavyopita.

"Inatosha, bibi," Nadra akaniambia.

"Pipa halijajaa," nikamjibu.

Mvumilivu mie, kweli. Hasira hii nayo naivumilia vivyo hivyo, naipikia, naiamkia, sina haraka nayo. Nilishika dole gumba la mguu wake wa kushoto.

"Haya, mjukuu wangu. Chezesha."